Somo: Kupima kiungo cha bega na kano zake, kuanzia mfupa hadi unyayo wa kano

Bega ndicho kiungo kinachozunguka kuliko vyote mwilini, na ndicho kinachomsumbua sana anayeshika kalipa (kifaa chenye meno mawili cha kupimia milimita) kwa mara ya kwanza. Kupata namba si kazi. Kazi ni kupata namba ileile kesho, na mwenzako naye aipate bila kukuuliza. Zikipishana, usikimbilie kulaumu kifaa. Mara nyingi hakuna aliyeandika alianzia wapi wala mkono ulikuwa umekaaje. Somo hili ni la bega lililopasuliwa maabara. Wanaopima watu hai nimewajibu kwenye maswali.

Hatua ya 1: Tayarisha na uandike

Weka karibu vernia kalipa, gonometa (kipima pembe), uzi wa pamba usiovutika, pini zenye vichwa vya rangi na maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Kabla ya kugusa chochote andika upande (kulia au kushoto), jinsia, umri na jinsi mwili ulivyohifadhiwa. Mkono uwe umening'inia ubavuni bila kuzungushwa ndani wala nje. Na tukumbuke: huyu alikuwa mtu, na mwili wake ni amana mikononi mwetu.

Hatua ya 2: Kichwa cha humerasi (mfupa wa mkono wa juu)

Tafuta ukingo wa gegedu, pale weupe unaong'aa unapokoma na mfupa mkavu kuanza. Hiyo ndiyo shingo ya kianatomia. Pima kipenyo mara mbili: juu hadi chini, kisha mbele hadi nyuma. Kichwa hakiko mviringo kamili pembezoni, kwa hiyo kipimo cha pili kwa kawaida hupungua kwa kama milimita 2. Watu wazima wengi huwa kati ya milimita 40 na 52.

Pembe kati ya kichwa na shina la mfupa mara nyingi ni digrii 130 hadi 140. Kuna pembe nyingine, ya kichwa kugeukia nyuma, ambayo hupimwa kwa kulinganisha na mstari unaounganisha nundu mbili za kiwiko. Kama mfupa umekatwa katikati, kiwiko hakipo, basi pembe hiyo usiikadirie. Acha nafasi wazi kwenye jedwali.

Hatua ya 3: Glenoidi

Hiki ni kikombe chenye kina kidogo cha mfupa wa bega, chembamba juu na kipana chini. Urefu huwa kama milimita 35 hadi 39, upana wa chini kama 25 hadi 29. Ukingo wake umezungukwa na labramu, mkanda mgumu unaochangia karibu nusu ya kina cha kikombe. Andika kama umepima pamoja na labramu au bila. Neno hilo moja tu linaokoa utafiti mzima.

Hatua ya 4: Kano

Hapa tupunguze mwendo.

Ondoa deltoidi (msuli unaofunika bega), kata akromioni (ncha ya mfupa wa bega iliyo juu ya kiungo), kisha toa kifuko cha ute kilichoko chini yake. Utaona kano nne zimekumbatia kichwa: subskapularisi mbele, supraspinatasi juu, infraspinatasi na teresi ndogo nyuma. Utatamani kuziona kama kamba nne. Sivyo zilivyo. Karibu na mfupa zinaungana kama shuka moja, na kwa ndani shuka hilo limegandamana na kapsuli, yaani mfuko unaozunguka kiungo. Ili ujue supraspinatasi inaishia wapi, anzia kwenye nyama yake, juu ya mfupa wa bega, uzifuate nyuzi taratibu hadi kwenye nundu kubwa ya humerasi. Ukianzia kwenye kano utakisia tu.

Kwanza pima unene. Lowesha kano kwa maji ya chumvi, funga meno ya kalipa hadi yaguse tu, soma. Nilipokuwa najifunza nilikuwa nikibana hadi kalipa isimame yenyewe, na kano iliyo na milimita 5 ikanipa 4. Ukiona alama ya meno imebaki juu ya kano, kipimo hicho kitupe.

Kisha unyayo, yaani eneo ambalo kano imeshika mfupa. Choma pini kwenye kila kona, bandua kano kwa kisu kidogo, upime kati ya pini na pini. Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Mwaka 2006 utafiti mmoja wa Marekani ulitoa upana wa unyayo wa supraspinatasi kuwa milimita 16. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walitenganisha kano na kapsuli kwa makini, wakapata wastani wa milimita 6.9 tu, na wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya nundu ile imeshikwa na infraspinatasi. Kano ni ileile. Kilichotofautiana ni mpaka.

Kano ndefu ya baisepsi (msuli wa mbele ya mkono wa juu) ipimwe kwa uzi, maana inapinda juu ya kichwa kabla ya kushuka kwenye mfereji wa humerasi. Laza uzi juu yake, weka alama mwanzo na mwisho, kisha unyooshe kwenye rula.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, asante kwa somo. Mimi niko kwenye tiba ya viungo, natumia altrasaundi. Supraspinatasi naipimaje?*

Karibu. Mkalishe mgonjwa, aweke kiganja kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, kiwiko kielekee nyuma. Hapo kano inatoka chini ya akromioni na unaiona. Kifaa kikae wima kabisa juu ya kano. Ukikilaza kidogo tu, kano nzima inageuka nyeusi na utadhani imechanika. Pima kutoka ukingo wa chini hadi wa juu bila kuingiza kifuko cha ute, halafu pima na bega la pili.

*Nafasi kati ya akromioni na kichwa mbona hujaitaja?*

Kwa sababu kwenye maiti inadanganya. Misuli haivuti tena, kichwa kinashuka. Kwa mtu hai, kwenye picha ya eksirei, nafasi hiyo kwa kawaida ni milimita 7 hadi 14. Ikiwa chini ya 7, shuku kano iliyochanika.

*Tofauti ya milimita chache ina uzito gani kwa mgonjwa?*

Uzito mkubwa. Daktari anayeingiza kamera begani huangalia mfupa ulioachwa wazi kando ya gegedu. Wengi hufuata kanuni kwamba zikiwa wazi zaidi ya milimita 7, nusu ya unene wa kano imekwisha kuchanika, na hapo ndipo wengi huamua kushona. Kanuni hiyo imejengwa juu ya unyayo wa takriban milimita 12. Ukibadilisha unyayo, na hiyo 7 inabadilika. Ndiyo maana nasisitiza mpaka uandikwe.

*Nina miili 10, kwa hiyo mabega 20. Naandika sampuli ni 20?*

Hapana, ndugu yangu. Bega la kulia na la kushoto la mtu mmoja hufanana, hivyo usiyahesabu kama watu wawili. Chagua upande mmoja, au mwambie mtakwimu mapema kwamba yanakwenda kwa jozi. Kila kipimo kirudie mara tatu, si mfululizo, bali umalize mabega yote ndipo uanze upya, na daftari la mzunguko wa kwanza liwe limefungwa. Mwenzako apime pia bila kuona namba zako. Mkipishana zaidi ya milimita 1 kwenye unyayo, rudini kwenye pini: mara nyingi mmoja wenu ameichoma juu ya kapsuli.