SOMO: Shughuli za machipuko kwa wazee wa kwenye makao (someni kwanza, ndipo muulize)

Kila mwaka Machi ikikaribia naulizwa jambo lilelile: "Tuwafanyie nini wazee machipuko haya?" Nimemjibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja. Kazi yangu ni kuratibu shughuli kwenye makao ya wazee. Msimamo wangu ni mmoja: mzee apewe kazi ya mikono yake. Kumketisha mbele ya mapambo na kumpiga picha si shughuli.

1. Chagua siku. Mnaoanza machipuko Machi, siku zipo nyingi. Tarehe 20 Machi au karibu na hapo usiku na mchana hulingana, na ndiyo siku ya Nowruz, mwaka mpya wa Kiajemi. Tarehe 21 ni Siku ya Misitu na pia Siku ya Ushairi Duniani, 22 ni Siku ya Maji. Halafu 22 Aprili Siku ya Dunia, 29 Aprili Siku ya Dansi, 20 Mei Siku ya Nyuki. Pasaka huhama kila mwaka, na Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11, kwa hiyo tazama kalenda ya mwaka huu, usinakili ya mwaka jana. Msijaze zote. Mimi huchukua tatu, na katikati yake tunatunza tulichopanda.

2. Waulize wazee wenyewe.

3. Kaa na muuguzi mpitie majina. Nani ana shida ya kumeza, nani ana mzio wa chavua, nani anatumia dawa zinazofanya ngozi iungue upesi juani. Doksisaikilini, dawa ya kuua bakteria, ni mojawapo, na zipo za moyo pia.

4. Saa nne asubuhi, dakika 40 basi. Wengi wenye dimensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na akili, huanza kuhangaika jua likielekea kutua. Shughuli ya saa kumi jioni utaijutia.

5. Andaa meza. Hapa naomba msome polepole.

Mwaka wangu wa pili kazini, machipuko yakiwa yanaisha, tuling'oa matunguu ya dafodili, yale maua ya njano ya machipuko, yaliyokwisha kuchanua ili tuyasafishe na kuyahifadhi, yapandwe tena vuli. Niliweka kapu mezani nikaenda kupokea simu. Sidhani kama zilipita dakika mbili. Niliporudi, mama mmoja mwenye dimensia alikuwa amelimenya tunguu moja vizuri kabisa na ameshaling'ata. Maisha yake yote alikuwa mpishi. Aliona kitunguu, akafanya anachofanya mpishi akiona kitunguu. Alitapika mpaka jioni, daktari akaitwa, na kwa neema alipona. Kosa lilikuwa langu, yeye hakukosa chochote. Dafodili ina sumu, na sehemu yenye sumu zaidi ni hilo tunguu.

Tangu siku hiyo:
- Kisichofaa kuliwa hakikai mezani penye mwenye dimensia. Matunguu ya maua, pamoja na mimea ya sumu kama yungiyungi la bondeni na oleanda, hayaingii chumbani.
- Maharage mekundu mabichi yana sumu. Usiyatumie, hata kama ni rahisi kushika.
- Kuna mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya kuvu, mara nyingi zina rangi ya ajabu. Nunua zisizopakwa.
- Asiondoke mtu mezani mpaka mwingine aje kukaa. Simu iache iite.

Na udongo wa mboji unaouzwa kwenye mifuko unaweza kuwa na bakteria wa Lejionela, wanaoleta nimonia, na mapafu ya mzee hayana nguvu za kupambana nao. Mfuko ufunguliwe nje, uso ukiwa mbali, na wewe mfanyakazi. Lowesha udongo usitimue vumbi, ndipo uulete mezani.

6. Pandeni. Alizeti, kwa kuwa mbegu yake inashikika hata na vidole vyenye baridi yabisi. Figili, kwa kuwa huota ndani ya siku chache na mzee hachoki kungoja. Mnanaa au rozmari kwa ajili ya harufu. Kila kopo liandikwe jina la aliyepanda, herufi kubwa nyeusi.

7. Kunaweni mikono kwa sabuni, wote.

8. Gawa zamu za kumwagilia. Wengi mnaiacha hatua hii, nayo ndiyo inayomfanya mzee aamke akiwa na pa kwenda. Andika zamu ukutani. Tumia chupa ndogo nyepesi, birika la bustani likijaa ni zito.

---

MASWALI

Mlezi_Mpya: Asante kwa somo. Tunaweza kutumia maharage? Tunayo mengi stoo.

Mwandishi: Hatua ya 5.

Mlezi_Mpya: Lakini hawatakula, ni ya kupanda tu.

Mwandishi: Na mimi nilidhani hivyo kuhusu matunguu. Soma tena ile aya.

Kaka_Zamu: Wazee wetu hawapendi shughuli. Tukiwaita hawaji.

Mwandishi: Uliwauliza wanataka nini?

Kaka_Zamu: Tuliwatangazia.

Mwandishi: Kutangaza si kuuliza, kaka. Nenda chumba kwa chumba, keti, uliza mzee alikuwa akifanya kazi gani zamani. Fundi seremala hatakuja kupaka rangi mayai, lakini mwambie sanduku la miche limelegea, atakuja.

Dada wa Kusini: Shikamoo mratibu. Sisi huku kusini mwa ikweta machipuko yanaanza Septemba. Tufuate tarehe hizo?

Mwandishi: Marahaba dada, umeuliza vizuri, nami nilipaswa kusema. Kwenu usiku na mchana hulingana kuelekea machipuko tarehe 22 au 23 Septemba. Anzeni kupanda hapo. Siku ya Ushairi na ya Nyuki zibaki tarehe zake, kwa kuwa hazitegemei hali ya hewa. Na 1 Oktoba ni Siku ya Wazee Duniani, kwenu inaangukia machipuko. Miche ya Septemba itakuwa imeshatoka: wazee waigawe wenyewe kwa wageni siku hiyo, wao ndio watoaji.

Msomaji_Kimya: Siku ya Ushairi mnafanyaje? Wengine kwetu hawakumbuki hata majina ya watoto wao.

Mwandishi: Usiwape karatasi wasome. Anza wewe ubeti unaojulikana sana kwenu, ule wa kukaririshwa shuleni, soma polepole, kisha nyamaza kabla ya kina cha mwisho. Subiri, usiwasaidie haraka. Kwetu kuna mzee aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akamalizia mshororo wote. Kilichokaririwa utotoni mara nyingi hubaki baada ya mengi kuondoka, na vina humshika mtu mkono.

Nesi_Usiku: Na Siku ya Mama? Huwa tunawapa akina mama wote maua.

Mwandishi: Kwanza hakikisheni tarehe. Nchi nyingi ni Jumapili ya pili ya Mei, Uingereza huwa mapema, ndani ya Kwaresima. Pili, kuna waliozika watoto, na kuna waliotamani watoto lakini hawakujaliwa. Usimwendee mtu na ua na neno "mama" bila kujua. Sisi huweka meza ya maua, kila mtu hata wanaume anatengeneza shada la mtu anayetaka kumkumbuka. Anayetaka kulia analia, na mfanyakazi anakaa naye.

Nesi_Usiku: Sikuwahi kufikiria hilo. Nami niongezee: vishikio vya sepeto ndogo tunavivisha ile sponji ya kufunikia mabomba. Vidole vilivyopinda vinashika bila maumivu.

Mwandishi: Hiyo naichukua leo. Wengine wenye mbinu za namna hii wekeni hapa.

Kaka_Zamu: Nimeenda chumba kwa chumba. Kuna mzee alikuwa fundi saa. Anataka kurekebisha saa zote za ukumbini wakati zikisogezwa mbele saa moja, kama nchi kadhaa zifanyavyo machipuko.

Mwandishi: Mpe! Mpe na miwani ya kukuzia, na meza karibu na dirisha.

Msomaji_Kimya: Na asiyeweza kutoka kitandani?

Mwandishi: Mpelekee kopo la mnanaa kwenye trei. Muweke jani moja kati ya vidole, alisugue mwenyewe, umsogezee mkono wake puani. Kama ana shida ya kumeza baki naye mpaka umelichukua jani. Kopo liache pale anapoweza kuliona akigeuza kichwa, na jina lake liingie kwenye zamu kama la wengine: Jumanne ni yeye, mnamshikia chupa, anamwagilia.