Kulivalisha 1113 matairi mapana

Lori langu ni Mercedes-Benz 1113, lile la pua, linalovuta mbele na nyuma. Kazi yake ni vitunguu: linaingia mashambani Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, na kupandisha mzigo Karatu. Miaka yote lilitembea na matairi ya 9.00R20 (upana inchi 9, rimu inchi 20), nyuma mawili mawili kila upande. Masika yakifika, udongo mweusi ulikuwa unajaa katikati ya yale mawili hadi yanageuka gurudumu moja la tope. Kiangazi jiwe linabanwa humo humo na kula ubavu wa tairi. Na kwa kuwa ya nyuma hayakanyagi yalipopita ya mbele, kila safari lori lilikuwa likichimba njia mpya kwa nguvu zake lenyewe. Nikaamua kuweka moja moja, pana. Kama nawe una lori kuukuu la namna hiyo, fuata mpangilio huu. Mimi niliuanza kinyume, na ulinigharimu.

Kabla hujafika dukani, pita mizani ukiwa na mzigo wako wa kawaida, na ekseli ya nyuma ipimwe peke yake. Usihesabu magunia. Vitunguu vya kwetu vinafungwa lumbesa, gunia linawekewa kilemba juu, kwa hiyo anayekuambia "ni gunia hamsini tu" hajakuambia uzito wowote. Ekseli yangu ya nyuma ilisoma kilo 6,400.

Sasa soma namba ubavuni mwa tairi. 9.00R20 zangu ziliandikwa 140/137. Hiyo 137 ni ya tairi likifungwa mawili mawili, maana yake kilo 2,300 kila moja, na manne ni kilo 9,200. Ukiondoa mawili, yanayobaki yanabeba kila kitu: kwangu ni kilo 3,200 kila moja. Tairi la 365/80R20, ambalo wengi hulisifu kwa tope, lina namba 152, yaani kilo 3,550. Kwenye lami linatosha. Lakini gari likiinamia upande kwenye korongo, uzito mwingi unahamia tairi moja, na hapo sikuona akiba ya kunitosha. 12.00R20 nililonunua lina namba 156, kilo 4,000. Nikachukua hilo.

Sababu ya pili ni kwamba tairi hilo ndilo linalovaliwa na tipa nyingi, kwa hiyo likipasuka nitalipata bila kuagiza ng'ambo. Yale ya jeshi, 14.00R20, yanavutia kweli, lakini kimo chake kinafika milimita 1,260 hivi wakati 9.00R20 ni kama 1,018. Ni karibu robo nzima zaidi, na injini yangu ina nguvu farasi 130 za kupandisha kutoka bondeni Eyasi. Tena mengi yanayouzwa ni ya zamani. Tazama tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009, hata kama kashata, yaani meno ya tairi, bado ni ndefu kama za jipya. 385/65R22.5 za trela zimejaa kila mji na ni pana, ila mistari yake imenyooka na ubavu wake ni mfupi. Kwenye tope linateleza kama sabuni.

Hapa watu hunibishia: matairi mawili ya 9.00 yakijumlishwa ni mapana kuliko 12.00 moja. Ni kweli. Kwenye mchanga tambarare huenda wakanishinda. Lakini kwenye njia ya shamba yenye mikondo, la nyuma linapita palipokwisha kukandamizwa na la mbele, tope halina pa kujibana, na tairi refu likipunguzwa upepo linalala chini kwa urefu. Huo urefu ndio unaonitoa mimi.

Rimu ndiyo iliyoniumiza. 9.00 hukaa kwenye rimu ya 7.0-20, na 12.00 inataka 8.5-20. Ukilazimisha tairi pana kwenye rimu nyembamba linavimba katikati, kingo zinaning'inia, na umelipia upana usiogusa ardhi. Rimu za 8.5 zenye matundu kumi zipo tele. Langu lina matundu manane.

Fundi mmoja akaniletea rimu za lori la Kijapani. "Mzee, zote tundu nane, na katikati ni ile ile 221. Hazina tofauti." Katikati kweli ni milimita 221 zote mbili. Lakini mduara wa bolti wa Kijerumani ni milimita 275, wa Kijapani ni 285. Kwa macho huoni. Rimu iliingia kwa kusukumwa kidogo, nati zikafungwa hadi spana ikalia, tukaondoka. Nati hazikuwa zimekaa kwenye viti vyake, zilikuwa zinabana ukingoni tu. Kabla ya Makuyuni bolti tatu zilikuwa zimekatika, na nilijua baada ya tanboi kusikia mlio upande wa kushoto. Nilikaa kando ya barabara nikitetemeka, maana nyuma yetu kulikuwa na Noah imejaa watu.

Kwa hiyo pima mwenyewe. Weka tepu kwenye ukingo wa nje wa tundu moja, ivute ikipita katikati ya rimu hadi ukingo wa ndani wa tundu linalotazamana nalo. Kipimo hicho ndicho mduara wa bolti. Kisha futa matundu kwa dizeli uone kiti cha nati: cha kibakuli kinataka nati ya mviringo, bapa kinataka nati bapa. Usikubali kuchanganya, wala kutobolewa upya.

Jambo jingine kwenye habu ya nyuma: bolti zake ni ndefu kwa ajili ya rimu mbili. Ukifunga moja, nati inaweza kufika mwisho wa uzi kabla haijabana. Spana inakataa kwenda, nawe unadhani umekaza. Funga kwanza rimu tupu bila tairi uangalie.

Kisha kagua nafasi. Pandisha gurudumu moja la mbele juu ya jiwe kubwa, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, utazame springi, madigadi na mkono wa stelingi. Nyuma acha nafasi ya kupenya ngumi kati ya tairi na springi. Kumbuka pia kimo kimeongezeka asilimia 10: saa ya mwendo ikisoma 50 unakwenda 55, na breki zinafanya kazi zaidi. Nilibadilisha laini za breki kabla ya safari ya kwanza.

Beba spea mbili. Zamani tairi moja la nyuma likiisha upepo ulijikongoja na mwenzake. Sasa hakuna mwenzake.

Upepo: kwenye lami na mzigo mimi naweka PSI 85 nyuma, kwenye tope nashuka hadi 45 na mwendo hauzidi kilomita 20 kwa saa. Nikitoka tu najaza tena. Matairi yangu yana tyubu, na tairi likizunguka peke yake juu ya rimu, linaburuta tyubu na kung'oa pua yake ya kujazia upepo. Piga mstari wa rangi nyeupe kutoka ubavuni mwa tairi hadi kwenye rimu. Mstari ukiachana hata upana wa kidole, au pua ikianza kuinama, simama uongeze upepo.

Rimu hizi zina ringi ya kufungia. Ikiruka wakati wa kujaza inaua mtu. Iweke ndani ya kizimba, au uifunge minyororo na kulaza upande wa ringi chini, tumia mpira mrefu, na kijana yeyote asiinamie wala kuigonga nyundo ikiwa na upepo. Gereji isiyo na kizimba mimi siwaachii rimu yangu.

Baada ya kufunga, tembea kilomita 50, simama, kaza nati zote kwa kuvuka upande kwa upande. Rudia kesho yake, lori likiwa na mzigo.