Namna ya kufikisha swali la mtaani bungeni ukiwa Tanga

Mkazi wa Tanga anayetaka kujua Serikali inasema nini kuhusu zahanati au barabara ya mtaani kwake hana haja ya kupanda basi la Dodoma. Vikao vya Bunge la Jamhuri ya Muungano huweza kufuatiliwa mtandaoni, na yanayosemwa ukumbini huandikwa katika Taarifa Rasmi, yaani Hansard, ambayo huwekwa kwenye tovuti ya Bunge. Kazi iliyobaki ni kujua sehemu ipi ya siku inakuhusu, swali lako lipitie kwa nani, na jibu likishatolewa lisomwe vipi.

Kikao cha kawaida huanza saa 3:00 asubuhi. Msafara wa Spika huingia ukiongozwa na Mpambe wa Bunge aliyebeba siwa, yaani rungu la heshima la Bunge, dua husomwa, Spika husema, "Waheshimiwa Wabunge, tukae," kisha humwita Katibu ili ataje shughuli inayofuata kwenye Orodha ya Shughuli. Zinaanza hati za kuwasilisha mezani, ambazo mtazamaji anaweza kuzitumia kumalizia chai yake, kwa kuwa waziri au mwenyekiti wa kamati husimama tu, akataja taarifa anayoiweka mezani, akaketi. Baada ya hapo huja maswali. Hiyo ndiyo sehemu ya kukaa nayo karibu. Matangazo na utambulisho wa wageni hufuata, na usishangae kusikia wanafunzi wa shule ya jirani yako wakiombwa wasimame jukwaani, kisha Bunge huingia kwenye miswada au, katika miezi ya Aprili hadi Juni, kwenye bajeti.

Siku ya Alhamisi Waziri Mkuu huulizwa maswali ya papo kwa papo, na watu wengi huifuatilia siku hiyo kuliko nyingine zote. Kwa maoni yangu haimfai sana mwenye shida ya mtaa, kwa sababu maswali hayo yanatakiwa kuhusu sera ya Serikali kwa ujumla, na mbunge anayeleta habari za kisima kimoja huweza kuelekezwa ampelekee waziri wa sekta. Shida ya mtaa hupata nafasi yake katika maswali ya kawaida, yale yenye namba, ambayo huwasilishwa kwa maandishi mapema ili wizara iandae jibu.

Kabla ya kumwendea mbunge, hakikisha unajua jambo lako liko chini ya nani, kwa maana hapo ndipo wengi hupoteza miezi. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara ulio chini ya wizara ya ujenzi, lakini barabara za mitaani na vijijini ni za TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ambayo iko TAMISEMI, yaani wizara ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo iko chini ya Wizara ya Afya, ilhali zahanati na vituo vya afya huendeshwa na halmashauri na huulizwa TAMISEMI. Taka zisizozolewa Ngamiani au ushuru wa soko la Makorora si mambo ya kupeleka Dodoma hata kidogo; hayo ni ya Halmashauri ya Jiji, na mtu wa kumfuata ni diwani. Vilevile, jambo dogo kama mabati ya choo cha shule linaweza kumalizwa na Mfuko wa Jimbo, ambao mbunge mwenyewe ni mwenyekiti wa kamati yake, bila kusubiri swali lipangiwe siku.

Ukishajua hilo, nenda ofisi ya mbunge jimboni na umwone katibu wake, ukiwa na barua fupi iliyopitia kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata. Iwapo mbunge wako ni waziri au naibu waziri, kumbuka kwamba yeye yuko upande wa wanaojibu, hivyo hawezi kusimama kuiuliza Serikali swali. Katika hali hiyo mwendee mbunge wa viti maalum wa mkoa, ambaye ana haki sawa ya kuuliza. Haki hiyo imo katika Ibara ya 63 ya Katiba, inayotaja kwamba Bunge laweza kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake.

Swali lenyewe liandike kwa ufupi. Lisiwe hotuba, lisiguse shauri lililo mahakamani, na lisitaje majina ya watu pasipo ulazima. Tuseme wananchi wa pembezoni mwa Jiji, upande wa Mabokweni, wameinua boma la zahanati, yaani kuta zisizo na paa, kwa nguvu zao likakwama kwenye lenta, juu ya milango na madirisha. Barua nyingi huandika, "Serikali ina mkakati gani wa kuboresha afya katika eneo letu?" Swali la namna hiyo hujibiwa kwa idadi ya zahanati za nchi nzima. Andika badala yake: "Je, ni lini Serikali itapeleka fedha za kukamilisha boma la zahanati lililojengwa kwa nguvu za wananchi?" Kisha mpe mbunge, kwenye karatasi ya pembeni, mwaka boma lilipoanza, lilipofikia, na umbali wa kituo cha afya kilicho karibu. Atayahitaji katika maswali ya nyongeza, ambayo naibu waziri huyajibu papo hapo, na mara nyingi hapo ndipo husikika lile ambalo jibu la maandishi lilikwepa.

Jibu huanza kwa maneno yale yale: "Mheshimiwa Spika, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Sikiliza vitenzi vinavyofuata. "Serikali inatambua umuhimu" maana yake hakuna kilichofanyika. "Itaendelea kutafuta fedha" au "kadri ya upatikanaji wa fedha" maana yake mradi haumo kwenye bajeti. "Imetenga" ni hatua nzuri, kwani kiasi na mwaka wa fedha hutajwa, ingawa fedha iliyotengwa na fedha iliyofika ni vitu viwili. "Imepeleka" ndilo neno la kukutoa nyumbani siku hiyo hiyo kwenda ofisi za Jiji kuuliza imeingia akaunti gani.

Siku zikipita, tafuta Hansard ya kikao hicho. Hansard hupangwa kwa namba ya mkutano na ya kikao, ambapo mkutano ni wiki zote Bunge linapokaa na kikao ni siku moja ndani yake, kwa hiyo andika tarehe mapema usije ukapekua kurasa bure. Utaona swali na namba yake, jibu neno kwa neno, hata "(Makofi)" kwenye mabano pale waheshimiwa walipogonga meza. Chapisha ukurasa huo na upeleke kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, uingie kwenye muhtasari wa kikao chao.

Kama jibu lilikuwa la kutafuta fedha, subiri wizara husika ilete makadirio yake wakati wa bajeti, na mkumbushe mbunge mapema. Katika Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima linapokaa kama kamati kupitisha fedha za wizara, mbunge asiyeridhika na maelezo anaweza kushika shilingi, yaani kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara wa waziri, hadi apewe ufafanuzi wa kueleweka. Wengi huirudisha baada ya ahadi, na mwenyekiti akiwahoji wabunge kuhusu kupitisha fedha hizo husikia "ndiyo" nyingi kuliko "siyo". Lakini ahadi iliyotolewa wakati wa kurudisha shilingi nayo huandikwa kwenye Hansard, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kuanzia wiki hiyo unaweza kuanza kuuliza kwa mtendaji wa kata.