Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumwona Daktari Kuhusu Miguu Isiyotulia Usiku

Kabla ya kulipa ada ya daktari, hakikisha kwamba unachokishuku ndicho kinachokusumbua. Ugonjwa wa miguu isiyotulia hutambulika kwa mambo manne yanayokwenda pamoja: hamu isiyozuilika ya kuisogeza miguu, mara nyingi ikiandamana na hisia ya kitu kinachotambaa ndani yake, hamu hiyo kuanza au kuzidi unapoketi au kulala, kupungua unaposimama na kutembea, na kuwa mbaya zaidi jioni na usiku. Msuli unaokaza ghafla kwa maumivu ni jambo jingine, na nyayo zinazowaka moto hata ukitembea zinataka kipimo cha sukari kwanza.

Muulize unayelala naye anachokiona. Wengi wenye ugonjwa huu hurusha miguu usingizini, mara nyingi kila baada ya sekunde 20 hadi 40, bila wao wenyewe kujua, kisha huamka wamechoka wakidhani wamelala vizuri. Waulize wazazi pia, kwa kuwa ugonjwa huu hurithiwa katika familia nyingi.

Sasa lile ambalo sitakubali ulipuuze: kusanya kila dawa unayotumia, ikiwemo ile usiyoihesabu kuwa dawa. Shemeji yangu, anayeishi mtaa wa Umoja hapa Nairobi, alikuwa na miguu ya kusumbua kidogo tu mpaka baridi ya Julai ilipomletea mafua, akanunua dukani vidonge vidogo vya manjano vya mafua na mzio. Vilipomletea usingizi akaviona kuwa neema, akaendelea kuvimeza kila usiku hata baada ya mafua kupona. Miguu ikazidi. Ndugu yangu alikuwa akimkuta saa tisa usiku akitembea kati ya sebule na jikoni, mkono mmoja ukiupapasa ukuta, macho yamefumba kwa usingizi, na miguu ikikataa kusimama. Akaongeza vidonge. Alipofika kliniki na kuulizwa kama anatumia dawa yoyote, alijibu kwamba hatumii, naye akaandikiwa amitriptilini ya kumlaza, ambayo pia ni miongoni mwa dawa zinazoweza kuuchochea ugonjwa huu. Yalijulikana miezi kadhaa baadaye, pale daktari mwingine alipomwambia amimine mkoba wote mezani, na kati ya risiti na sarafu pakatokea karatasi ya vidonge vya manjano iliyobaki nusu.

Kwa hiyo mimina mkoba wako nyumbani. Dawa za mzio zinazoleta usingizi, dawa ya kichefuchefu iitwayo metoklopramidi, dawa kadhaa za sonona na zile za maradhi ya akili zinaweza kuamsha au kuzidisha hali hii. Baadhi yake huzuia dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuratibu mwendo. Usiache ghafla dawa uliyoandikiwa. Ipeleke, iweke mezani, uulize.

Omba kipimo cha feritini, yaani akiba ya madini ya chuma mwilini. Kupimwa wingi wa damu pekee hakutoshi, kwa kuwa damu inaweza kuwa ya kutosha huku akiba imekwisha, na jibu la 25 huenda likaandikwa kuwa ni la kawaida ilhali kwa mtu mzima mwenye ugonjwa huu madaktari hufikiria kumwongezea chuma akiwa na mikrogramu 75 kwa lita au pungufu. Nenda asubuhi kabla ya kula, na usipime ukiwa na homa, kwa sababu maambukizi hupandisha jibu kwa uongo. Usimeze vidonge vya chuma kwa kubahatisha. Chuma kikizidi hudhuru ini. Ukiandikiwa, usivimeze pamoja na chai, na hapa Nairobi najua ninachokudai.

Mweleze daktari kama una mimba au ugonjwa wa figo. Punguza kahawa na pombe za jioni. Katika basi la usiku la kwenda Mombasa, chukua kiti kilicho kando ya njia ya kupita katikati ya viti, uweze kusimama miguu ikianza.

Ukiandikiwa pramipeksoli au ropiniroli, uliza mpango wa baadaye, kwa kuwa dawa hizi hutuliza mwanzoni lakini baada ya muda zinaweza kuufanya ugonjwa uanze mapema zaidi mchana na hata kuenea mikononi. Mwambie mtu wa nyumbani akuangalie pia, maana huwatia baadhi ya watumiaji hamu ya kucheza kamari, na simu iko mkononi tayari. Usiendeshe gari baada ya usiku wa kutembea sebuleni. Na mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma, hilo si suala la ugonjwa huu hata kidogo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.