Namna ya kuandika uvamizi wa viumbe wa sayari nyingine katika sehemu nne

Vipimo kwanza: sehemu nne, kila moja dakika 25 hivi. Ndivyo ilivyopimwa Spearhead from Space, kisa cha Doctor Who, mfululizo wa televisheni wa Uingereza, kilichorushwa na BBC Januari 1970, na kwa mwandishi anayeanza hatujaona kiunzi kinachofaa kuliko hicho. Vyombo mia vinavyoziba anga waachie wenye fedha. Uvamizi wa kificho ni rahisi kuutengeneza, tena unamfuata mtazamaji hadi nyumbani kwake.

Chagua kitu cha kila siku. Katika kisa hicho wavamizi ni masanamu ya plastiki, yale yanayovalishwa nguo madirishani mwa maduka. Tazama shambulio linavyoanza: barabara ya maduka jijini London, watu wako kwenye foleni ya basi. Sanamu linatikisika, linageuka, linashuka barabarani na nguo zake mpya mwilini. Vidole vinaanguka kwa bawaba kama kifuniko, na mtutu unachomoza mkononi. Kioo hukioni kikivunjika, unausikia mlio wake tu, kwa sababu kuvunja vioo vya kweli kungekula fedha. Mlio unatosha. Ukiandika kwa mazingira ya kwetu, yale masanamu yaliyopangwa nje ya maduka ya Kariakoo yanakungoja. Wengi hukosea kwa kuchagua kitu kinachotisha tayari, kama pango au makaburi. Mtu keshajihadhari nacho.

Sehemu ya kwanza inahitaji ushahidi mmoja na shahidi mmoja, na shahidi huyo awe na sababu ya kunyamaza. Hapa ndipo miswada mingi inapovunjika: shahidi anakimbilia polisi, jeshi linafika, na dakika ya kumi hadithi imekwisha. Dawa yake ni tamaa. Katika Spearhead jangili anaokota tufe la ajabu msituni na kulificha sandukuni akitumaini litamletea fedha, na uchelewaji wote unaofuata unaeleweka.

Sehemu ya pili mlete binadamu anayeshirikiana na wavamizi. Usimdharau mtu huyu, kwani ndiye anayebeba mazungumzo yote ambayo zimwi la mpira lingeyaharibu. Mfano bora ni Tobias Vaughn katika The Invasion, kisa kingine cha Doctor Who cha 1968, mwenye kampuni ya vifaa vya elektroniki, mpole wa sauti na mwenye kiburi. Kisa kile kina sehemu nane, na Cyberman wa kwanza, yaani mvamizi aliye nusu mtu nusu mashine, haonekani mpaka mwisho wa sehemu ya nne. Nusu nzima imebebwa na Vaughn, na hakuna anayelalamika.

Ya tatu: wapokonye mashujaa msaada. Katika Spearhead jenerali anafungua mlango wa nyumba yake na kukuta mtu mwenye sura yake mwenyewe amesimama nje. Kuanzia hapo kila amri ya jeshi ni ya adui. Ya nne ni shambulio la wazi, na liwe fupi.

Wape wavamizi alama moja ya mwili, ndogo kiasi cha kupuuzwa. The Invaders, mfululizo wa Marekani wa 1967 na 1968, ulitumia kidole cha mwisho kisichokunjika. Mtazamaji alibaki akikagua mkono wa kila aliyeshika kikombe. Ila wako wavamizi wasiokuwa na kasoro hiyo, kwa hiyo kidole kilichonyooka kilithibitisha adui, lakini kilichokunjika hakikumsafisha mtu. Weka mwanya kama huo. Nao wakifa walimulika wekundu na kutoweka, ndiyo maana shujaa David Vincent alikosa maiti ya kuonyesha, na hadithi ikaenda vipindi 43.

Namna ya kuwashinda ipandwe mapema. Katika Spearhead tufe la jangili linatoa mawimbi tangu mwanzo. Mashine ya mawimbi inayowaangusha mwishoni haitoki hewani. Ila usiige tukio lenyewe la mwisho. Minyiri ya mpira inayomkaba Daktari, shujaa wa Doctor Who, ndiyo kipande dhaifu kuliko vyote, kwa kuwa kamera imeikazia macho kwa muda mrefu mno. Linganisha na The Quatermass Experiment, tamthilia ya televisheni ya BBC ya 1953, iliyochezwa moja kwa moja studioni: zimwi lililojificha Westminster Abbey, kanisa kubwa la London, lilikuwa mikono ya mtunzi mwenyewe, Nigel Kneale, ndani ya glavu zilizobandikwa majani, ikipenyezwa kwenye picha kubwa ya jengo hilo. Kitu cha namna hiyo kioneshe sekunde chache, kisha kata uende kwenye uso wa mtu anayekitazama.

Kama huna hata glavu, fuata The Monsters Are Due on Maple Street, kipindi cha Machi 1960 cha The Twilight Zone, mfululizo wa Marekani wa visa vya ajabu. Mtaa mmoja, umeme unazimika, gari linawaka lenyewe, mtoto anatamka neno moja la shaka, na majirani wanamalizana wenyewe kwa wenyewe. Wageni wanaonekana mwishoni tu, wakitazama kutoka kilimani. Ukienda njia hii, usipeleke bunduki mtaani mapema. Iingie baada ya angalau majirani wawili kushukiwa.

Mswada ukiisha, usome kwa sauti huku saa inakimbia. Ukipita dakika 25, kata kwanza maelezo ya mwanasayansi.