Vidonda mdomoni na vipele viganjani: jinsi ya kumlea mtoto na kuzuia wenzake wasiambukizwe

Mtoto aanza na homa, hataki kula, udenda wamtoka tu, halafu siku moja au mbili mbele waona vidonda kwenye ulimi na vipele vyekundu vyenye maji viganjani, kwenye nyayo, wakati mwingine hadi matakoni. Hapa Mombasa wa kwanza atasema ni harara ya joto, wa pili tetekuwanga, na tangu mpox iingie Kenya 2024 kila kipele chatia watu hofu. Lakini mara nyingi kwa hawa wa chini ya miaka mitano, vipele vikikaa hivyo, huwa ni ugonjwa wa mkono, mguu na mdomo. Ule wa midomo na miguu unaoshika ng'ombe ni mwingine kabisa, hauhusiani.

Harara haileti vidonda mdomoni, na tetekuwanga kwa kawaida huanzia kifuani, mgongoni au usoni na huwasha sana. Kama huna hakika mpeleke kliniki aangaliwe, hasa kama kuna mtu karibu nanyi alopatikana na mpox.

Ugonjwa huu wa mkono, mguu na mdomo waletwa na virusi, sanasana vya koksaki, kwa hivyo antibayotiki haifanyi kazi, tafadhali usinunue kwa kubahatisha. Wengi wapona wenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Kazi yako ni kupunguza homa na maumivu kwa parasetamoli ya watoto kwa kipimo cha uzito wake (aspirini usimpe), na kuhakikisha anakunywa. Hapo kwenye kunywa ndipo pa kukazania manake mdomo wamuuma na atakataa, na kwa joto hili letu mtoto hukaukiwa maji haraka. Mpe kidogo kidogo kila mara, maji baridi, dafu, mtindi, uji ulopoa, barafu ya kunyonya, na kama yuwanyonya titi usimkatize. Achari, ukwaju, machungwa, embe la pilipili na chai ya moto weka mbali mpaka vidonda vipone. Malengelenge usiyapasue.

Akipitisha kama saa 8 bila kukojoa, analia bila machozi, utosi wa mtoto mchanga umebonyea, homa imepita siku 3, shingo imekakamaa, anashtukashtuka usingizini, amelegea au amepata degedege, nenda hospitali saa hiyo hiyo usingoje asubuhi. Mtoto wa chini ya miezi sita mpeleke mapema tu.

Sasa kuzuia. Virusi hivi viko kwenye mate, kamasi, maji ya vipele na kinyesi, na dalili zaanza kama siku 3 hadi 6 baada ya kuambukizwa. Wiki ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, lakini kwenye kinyesi vyaweza kukaa wiki kadhaa hata mtoto ashapona na anacheza, na hili ndilo wazazi wengi hawalijui. Kwa hivyo kila ukimbadilisha daipa au kumtawaza, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, na uendelee hivyo hata baada ya vipele kuisha. Najua mfereji hauna maji kila siku na mtungi wa kununua una bei yake, basi fanya kibuyu chirizi, toboa tundu mtungi mdogo uuninginize karibu na choo na sabuni pembeni, maji yatumika kidogo sana. Sanitaiza pekee haitoshi, virusi hivi havifi nayo vizuri.

Kikombe, kijiko na taulo lake viwe vyake peke yake. Wanasesere na vitasa vya milango osha kwa sabuni kisha upanguse kwa jiki kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na usiichanganye na dawa nyingine ya choo.

Nasari na chuoni (madrasa) asiende akiwa na homa, udenda au vipele vibichi, na tafadhali mwambie mwalimu au ustadhi ukweli, manake kile kikombe kimoja cha kwenye ndoo ya maji chazungukia darasa zima. Kumficha mwanao ni kumuuguza mwana wa mwenzio.

Chanjo ya ugonjwa huu kwenye kadi zetu za kliniki haimo. China wanayo ya aina moja tu ya kirusi, EV71. Na kwa kuwa aina ni nyingi, mtoto aweza kuugua tena.

Wiki chache baada ya kupona ukiona kucha zabanduka usishtuke, huwa haziumi, na mpya zaota zenyewe.