Kuunda meza ya kukatia chuma kwa plazma katika karakana ya nyumbani

Kwenye meza hii kompyuta huongoza mota zinazosogeza tochi, yaani kichwa kinachokata chuma kwa plazma (hewa yenye joto kali inayopitisha umeme). Anza na fremu, kwa sababu fremu iliyopinda hairekebishwi na kompyuta. Shiti la futi 4 kwa 8 lina milimita 1,220 kwa 2,440, hivyo eneo la kukatia lizidi kidogo vipimo hivyo. Shika kona kwa vidoa vya kuchomelea, pima kwa futi kamba kutoka kona hadi kona inayoikabili, na ukikuta mishazari miwili haijalingana, gonga fremu mpaka ilingane ndipo uchomelee moja kwa moja. Reli na mota hufungwa chuma kikishapoa.

Kwetu Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, naogopa unyevu kuliko programu: hewa ya kompresa ikiwa na maji, ncha ya tochi huliwa haraka na kingo za mkato huharibika, kwa hiyo weka chujio la maji karibu na mashine na umwage maji ya tangi kila jioni.

Tenganisha nyaya za mota na waya wa tochi, kisha uiunganishe fremu na ethi. Chini ya shiti weka beseni la maji la kunasa vumbi na cheche, lakini usikatie alumini juu yake, kwani hutoa haidrojeni inayoweza kulipuka.